Shehena Ivumayo

Cheti kipo mlangoni mwa friji, kimebanwa na sumaku ya kuku.
Wiki saba nimezilipia kwa pesa ya mwisho
ya jiko la shule ya Vesterby, Dakota Kaskazini,
nilikomenya viazi miaka kumi na tisa
hadi watoto wakaisha na shule ikafungwa.

Gia kumi na tatu nilizielewa upesi;
si zaidi ya sufuria kumi na tatu mekoni.
"Kurudi nyuma, Marlys," alisema mwalimu Schatz,
"ndipo lori humuuliza mtu: wewe ni nani?"
Niliangusha koni tatu. Siku ya pili, moja.
Siku ya mtihani zote zilisimama wima;
aliyeyumba ni mimi, niliposhuka.

Kisha simu.
Kampuni ya kwanza: uzoefu, miaka miwili.
Ya pili: miaka miwili, bima haitaki mchezo.
Ya tatu, binti mwenye sauti ya peremende
akaniuliza umri. Hamsini na mbili, nikasema.
Akanyamaza; nikamsikia anatafuna.
Ya nne, mpaka leo.
Ya tano ilinitumia kalamu,
kalamu yenye kilori kinachoelea ndani ya maji:
ukiiinamisha chaenda, ukiiinua charudi.
Hilo ndilo lori nililoendesha Novemba nzima.

Nikikwangua barafu kiooni nilijiuliza
huo uzoefu huuzwa kwa ratili au kwa pima,
na yule wa kwanza kabisa duniani kuwa nao
alikopeshwa na nani?

Orville Tweten alipiga Januari, alfajiri,
bila habari za asubuhi. "Waogopa nyuki?"
Nikasema sijui.
"Afadhali. Wanaosema hawaogopi ndio hunikimbia."

Mizinga mia nne na kumi, wavu juu, kamba juu ya wavu,
inakwenda Kalifonia kwenye mashamba ya milozi.
Kazi hii hawaitaki wenye uzoefu wao.
Sharti lake moja: "Usiku pumzika utakavyo.
Ila kukiwa na jua, usisimame.
Lori likisimama juani nyuki hudhani wamefika,
wakatoka kutafuta maua. Nawe ukiondoka,
umewaacha yatima kando ya barabara."

Montana nilifuata taa zake nyekundu
kama mtu anayefuata sigara ya mwenzake gizani.
Aidaho ukungu ukazimeza.
Nikataja kwa sauti supu zote, Jumatatu hadi Ijumaa,
ili mikono isitetemeke.
Ijumaa ni mbaazi. Ijumaa siku zote ni mbaazi.

Ng'ambo ya milima jua lilinipokea kwa ubaya.
Barabara inatengenezwa. Kijana wa koti la rangi ya chungwa
kanyanyua kibao: SIMAMA.
Dakika moja. Mbili. Nyuma yangu kitu kikaanza,
kwanza kama friji, kisha kama kanisa
kabla wimbo haujapata maneno.
Mmoja akatua kiooni, akajifuta uso.
Nikashusha kioo upana wa kidole. "Mwanangu,
unawasikia abiria wangu?"
Akasikia. Akageuza kibao na kukimbia, vyote kwa pamoja.

Usiku, shambani, Tweten alinionyesha kwa tochi
uchochoro kati ya milozi, mwembamba kama huruma ya bima.
Nyumanyuma. Hakuna koni; kuna miti ya watu.
Mlozi mmoja niliukwaruza. Nikashuka, nikapapasa gome,
nikamwambia kabla hajauliza.
Akamulika jeraha, akamulika uso wangu.
"Mei utawarudisha?"

Sasa nimelala chumba cha kukodi, mwiba bado u kiganjani,
na kitanda kinatembea.
Injini imezimwa. Buti ziko mlangoni, zimeelekezwa nje.
Nimesimama;
masikio yangu hayajasadiki.